Shahidi wa Pili wa Mwezi

Najua mtakavyosema. Mtasema Mwalimu amesoma mpaka kichwa kimeanza kuvuja. Semeni tu. Mimi mwenyewe, kama mtu mwingine angenisimulia habari hii, ningemsikiliza kwa adabu, ningemaliza chai yake, kisha ningekwenda kumcheka barabarani. Lakini yalinipata mimi, hapa hapa Kasongo, mwishoni mwa mfungo, nikiwa mzima wa akili na mwenye digrii ya fizikia niliyoifuata mpaka Lubumbashi. Na yule aliyeniletea, ninavyoandika hivi, yuko chumba cha pili. Amelala. Mto ameuweka miguuni.

Kisa kinaanza na darubini. Niliinunua Goma nilipokwenda kwenye semina ya walimu, nikaipakata kwenye ndege kama mtoto mchanga. Mguu mmoja wa kisimamio ulivunjika kwenye pikipiki kati ya Kindu na Kasongo. Nikaufunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli, na hadi leo uko hivyo. Nilitaka kupiga picha za mwezi. Hakuna aliyeniomba. Nilikuwa natimiza miaka hamsini. Katika umri huo wenzangu hununua mbuzi au huoa mke wa pili, mimi nikanunua bomba lenye vioo. Mke wangu, Mwamini, alisema afadhali bomba, kwa sababu halili.

Kazi yenyewe si ya mtu mwenye haraka. Unaliweka jicho la simu kwenye kioo cha kuchungulia, unabana pumzi, unabonyeza. Mwezi nao haukai. Unateleza, unatoka kwenye kioo, unaufuata. Usiku mzima unapata picha mia, nyingi zake zinafanana na yai lililochemshwa, kisha moja inatoka safi, na unaona mashimo ya mwezi kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Kwa picha hiyo moja unasahau kwamba shingo imekakamaa.

Jambo moja lazima mlijue sasa, kwa sababu bila hilo hamtaelewa kitu. Darubini ya aina yangu hugeuza kila kitu. Ukiangalia mti, unauona unaning'inia. Nyumba inasimama kwa paa. Si ubovu, vioo vyake ndivyo vinavyofanya kazi. Kwa mwezi haijalishi sana, kwa sababu mwezi hauna miguu.

Basi. Kila mwaka mwisho wa mfungo mji wetu hugombana. Mawingu yanafunika, mtandao unakatika, huyu anasema mwezi umeonekana, yule anasema hakuna. Mwaka ule nikajitia kimbelembele. Nilisema pale tunaponywea chai kwamba ugomvi umekwisha, nitaupiga picha mwezi wa Idi, kila mtu auone kwenye simu yake.

Papa Sefu alikuwapo. Huyu anauza vipuri vya pikipiki; ana macho makali na mdomo unaoyapita macho.

“Mwalimu,” akasema, “na ile tiyo, ile bomba yako, utaona mwezi ao utaona choo ya jirani?”

Watu wakacheka. Shehe wetu hakucheka. Alifuta miwani yake kwa ncha ya kanzu, akaniambia taratibu: “Foto iko mzuri, Mwalimu. Lakini foto haiwezi kuapa. Kwa kufungua tunataka macho ya watu wawili, watu wenye tunajua. Enda na Sefu.”

Hivyo ndivyo ilivyopangwa: siku ya ishirini na tisa, mimi na Papa Sefu tufike ukingoni mwa mto Lualaba kabla ya jua kuzama, kwa sababu pale upande wa magharibi ni maji na anga tu. Siku ilipofika nilimkuta dukani anabishana na mteja juu ya mnyororo. “Ngoja kidogo,” akasema. Nikangoja kidogo. Akasema tena, “Ngoja, kwani mwezi utakimbia?” Kila aliyekuwapo akacheka, na mimi, msomi, nikanuna kama mtoto. Nikawasha pikipiki nikaenda peke yangu. Mniamini, yote yaliyofuata yametoka katika ile nafasi tupu nyuma yangu kwenye kiti.

Mtoni hapakuwa na mtu. Mbingu ilikuwa imefungwa na mawingu isipokuwa mpasuko mmoja, mwembamba, juu kidogo ya ng'ambo. Nikasimamisha darubini, nikaanza kuilekeza kwenye miti ya upande wa pili ili picha isitoke na ukungu. Miti ikaning'inia vizuri. Maji yakawa juu, anga chini, kama inavyotakiwa.

Na mtu alikuwa amesimama ukingoni kule, katika kanzu nyeupe, ananiangalia.

Nitalisema polepole. Kila kitu ndani ya kioo kilikuwa kimegeuka. Yeye peke yake alisimama wima.

Ningeshangaa muda mrefu zaidi, lakini jua lilikuwa limekwisha zama na ndani ya ule mpasuko nikauona mwezi: uzi mwembamba, mweupe, unateremka. Je, ninyi mngefanya nini? Mtu wa ajabu anaweza kungoja. Mwezi wa siku moja haungoji. Nikageuza darubini, nikabana pumzi, nikabonyeza. Nikapata picha tatu. Ya tatu ilikuwa safi kama ukucha uliokatwa. Nikanyanyua kichwa nikautafuta kwa macho matupu, nikauona pia, pembe zake zikiangalia juu kama bakuli. Kisha wingu likafunga, na sikuuona tena.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Papa Sefu. Nilikuwa na picha nzuri kuliko zote za maisha yangu, na nilikuwa shahidi mmoja.

“Nimeuona,” mtu akasema nyuma yangu.

Kanzu nyeupe. Umri kama wangu, sura kama ya mtu yeyote. Lualaba mahali pale ni pana. Mtumbwi wenye wapiga kasia wazuri unachukua muda. Kanzu yake haikuwa na tone la maji.

“Umeona nini?” nikauliza.

“Kile chenye ulikuya kutafuta.”

Mtu mwenye akili angeuliza jina. Angeuliza ametokea wapi. Mimi nilimwuliza: “Unaweza kufika naye Kasongo sasa hivi, kwa Shehe?” Nikasema “naye”, nikimaanisha mwezi, kana kwamba tunabeba kuku. Akatabasamu, akapanda nyuma yangu.

Njiani mvua ikatupiga. Nilifika msikitini nimelowa mpaka mifupa. Alipovua ndara zake mlangoni, nikaona kwamba amezivaa ya kulia kushoto na ya kushoto kulia. Kichwa chake kilikuwa kikavu, mabega makavu. Ila nyayo zilidondosha maji kana kwamba mvua ilimnyeshea kutoka chini.

Ndani wazee walikuwa wanangoja, na Papa Sefu amekaa pembeni na uso wa kulaumu. Mtandao hakuna, redio inakoroma. Shehe akanisikiliza kwanza mimi peke yangu: mwezi ulikuwa wapi, mkubwa kiasi gani, pembe zinaangalia wapi. Nikajibu, juu. Nikatoa simu. Wazee wakapokezana ile picha na kusema mashallah, na naona aibu kuwaambia jinsi moyo wangu ulivyonenepa.

Akaitwa yule mwingine. Sisi tuliwekwa upande. Tukamsikia Shehe akimwuliza, naye anajibu kwa utulivu. Walipofika kwenye pembe, akasema: “Chini. Sawa bakuli yenye kufunikwa.”

“Huyu aliangalia na kichwa chini?” Papa Sefu akasema, na wazee wawili wakaguna kwa kicheko.

Mimi sikucheka. Picha yangu ilikuwa na pembe chini. Ndani ya kioo mwezi ulikuwa na pembe chini. Lakini yeye hakuwa amechungulia kioo hata mara moja.

Na hapa, ndugu zangu, nilikuwa bado na mlango wazi. Nikaufunga kwa mkono wangu. Nikasema kwa sauti ya darasani: “Aliangalia mu darubini yangu. Darubini inageuza.”

Shehe akafikiri. Akagonga miwani yake kwa kidole. “Kioo ni kioo. Hata mimi naona na kioo. Macho ni yake.” Kisha akanigeukia. “Lakini sisi hatumujui. Wewe, Mwalimu, unamujua?”

Nje watu walikuwa wamejaa uwanjani, watoto, wanawake na vyungu vyao vikingoja kuamuliwa. Picha ilikuwa mkononi mwa mzee wa nne. Kama ningesema simjui, ilikuwa imekwisha: mfungo siku moja zaidi, na Papa Sefu angenikumbusha mpaka nife.

“Namujua,” nikasema.

“Jina yake nani?”

Yule mtu aliniangalia, anangoja nimpe jina, kama mtu anayengoja kupewa kiti. “Ramazani,” nikasema, kwa sababu ukitupa jiwe katika soko letu, litampiga Ramazani. “Ni ndugu yangu. Baba alimuzaa kule Salamabila, wakati alikuwa anauzia wachimbaji nguo.”

Kila mji una watu waliopotelea kwenye migodi ya Salamabila, na kila marehemu aliyewahi kufanya biashara kule ana jambo ambalo watu hawalichimbi sana. Shehe akaniapisha. Nikaapa. Dakika ile ile uwanja ukapiga kelele za Idi, na picha yangu ikaanza kutembea kwenye simu za mji mzima. Ulikuwa usiku wangu wa utukufu. Ulidumu mpaka nilipofika nyumbani.

Mama yangu anaishi nasi. Ni mzee, hatoki, lakini habari humfikia kabla ya mwenyewe kufika. Nilimkuta amekaa mkekani, kanga ameivuta mpaka kwenye kidevu.

“Baba yako alizaa Salamabila?” akaniuliza. “Na wewe ulijua?”

Ningesema nini? Shehe ameniapisha saa moja iliyopita. Nikasema ndiyo. Mama hakulia mbele yangu. Alilia baadaye, nikamsikia kupitia ukutani, analia kwa ajili ya mume aliyekufa miaka kumi iliyopita na ambaye, nawaapia, hakumkosea hata siku moja.

Ramazani alikuwa nyuma yangu mlangoni. “Walekum salaam,” akasema. Hakuna aliyekuwa amemsalimu bado.

Nilidhani ataondoka baada ya Idi. Siku ya tatu nilimwita uani. “Ndugu, aksanti kwa kazi. Sasa uende kwenu.”

“Kwetu?” akasema, na uso wake ulikuwa mpole kabisa. “Ulisema mbele ya watu kwetu ni hapa. Niende wapi sasa?”

Hakuwa na ubaya, na hilo ndilo lililonimaliza. Alichota maji, alipasua kuni, alimsimulia Mama habari za Salamabila ambazo sijui alizipata wapi. Aliitikia kabla ya kuitwa. Alilala kichwa kilipopaswa kuwa miguu. Mvua ikinyesha, Mwamini alimwekea kitambaa mlangoni cha kufutia nyayo, akaniuliza mara moja tu: “Baba Zaina, mutu wa namna gani analowa kwa chini?” Nikamwambia alale.

Nikakimbia. Ndiyo, mtu mzima wa miaka hamsini, katika nyumba yake mwenyewe, aliondoka alfajiri bila kuaga. Nililala njiani, Wamaza, kesho yake nikafika Kabambare kwa shemeji yangu. Simu yangu ilikuwa imezimwa. Sikumwambia mtu hata mmoja ninakokwenda, hata mke wangu. Mke wake akanipokea kwa furaha, akaandaa ugali na sombe ya majani ya muhogo, akaweka sahani mbili.

“Ya pili ya nani?” nikauliza.

“Ya ndugu yako. Alifika mbele yako, yuko naoga. Ah, Mwalimu, baba yenu alijua kuficha!”

Nikasikia maji yanamwagika nyuma ya nyumba. Nikala, kwa sababu kukataa chakula cha shemeji ni neno lingine kubwa. Tulirudi Kasongo kwa pikipiki moja.

Baada ya hapo niliona njia moja tu: niseme kweli. Nilingoja Ijumaa, swala ilipokwisha nikasimama. Ramazani alikuwa safu ya nyuma. Nikasema: “Wazee, nilidanganya. Huyu simujui. Hakuna siku nilimujua. Baba yangu hakuzaa Salamabila. Jina Ramazani nilimupa mimi, palepale.”

Nilihisi kifua kinafunguka. Kisha Papa Sefu akanyanyua kidole kama mwanafunzi.

“Mwalimu, unasema ulidanganya na kuapa?”

“Ndiyo.”

“Basi wewe ni mwongo.”

“Ndiyo.”

“Na ushahidi ya mwongo inakubaliwa?”

“Haikubaliwi,” akajijibu. “Basi hii ya leo hatuikubali. Ile ya mbele tuliikubali wakati ulikuwa mutu mwema. Inabaki.” Watu wakaanza kucheka. “Mwalimu, mugawane tu vitu vya baba yenu kwa amani!”

Niliwahi kufundisha mantiki. Kwa jibu lile ningempa Papa Sefu alama zote.

Shehe hakucheka. Alivua miwani, akanisogelea, akaniambia peke yangu: “Kindu waliuona jioni ile ile. Habari ilifika asubuhi. Hakuna mutu alikula siku ya mfungo juu yako. Uongo yako haikukuwa na kazi, Mwalimu.” Akalishika bega langu. “Lakini mutu kumukana ndugu yake mbele ya watu, ile ni mubaya sana. Rudi nyumbani.”

Mnaona? Sikuwa hata na dhambi kubwa ya kuwafanya wanisikilize. Ningesema “simjui” usiku ule, Idi ingekuwa siku ile ile.

Nyumbani nikapiga magoti mbele ya Mama. Nilimwambia yote, mto, darubini, kila kitu. Nilidhani yeye angalau atafurahi. Nilikuwa namrudishia mume wake akiwa safi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

“Usimukane tena. Machozi yangu nilikwisha kulia. Muangalie mikono: ni ya baba yako. Mungu ameniletea kitu cha yule mzee, na wewe unataka kunipokonya?”

Niliiangalia mikono. Na kweli, sasa ilikuwa ya baba yangu. Usiku ule wa kwanza haikuwa.

Tangu siku ile mimi ni mtu asiyeaminika katika mji wake. Watu hawanichukii, wananihurumia, jambo ambalo ni baya zaidi. Nikisema mvua itanyesha, wanamwuliza Ramazani. Yeye ndiye anayetumwa kuangalia mwezi siku hizi. Anarudi na kueleza, na sasa amejifunza kusema pembe ziko juu. Mama akila, huanza kumwangalia yeye kama ameshiba. Mwamini anafunga mlango wetu kwa komeo, na kila asubuhi komeo liko wazi. Darubini nimeifunga kwenye sanduku lake, na sanduku liko chini ya kitanda changu.

Juzi nilimkuta ameitoa. Alikuwa amekaa uani anafuta vioo, taratibu, kwa ncha ya kanzu, kama anavyofanya Shehe.

“Ndugu,” akaniambia bila kugeuka, “siku ya ishirini na tisa inakaribia. Twende wote mtoni, sawa ile siku.”

“Nifanye nini huko?”

“Uvuke. Kule ng'ambo nao wanataka mashahidi wawili, watu wenye kujulikana. Mimi niko mmoja.” Akaniinulia uso, na ulikuwa na huruma ya kweli. “Usiogope kama hawakujui. Wewe ulinisemea huku. Nitakusemea kule. Nitasema nakujua.”

Sijui nitajibu nini siku yenyewe. Nimejaribu kusema hapana mara tatu leo, na kila mara ameitikia “sawa” kabla sijafungua mdomo.

Kwa hiyo nawaandikia ninyi, mlio mbali, ambao bado mnaweza kuniamini. Ukisimamishwa mbele ya watu ukaulizwa kama unamjua mtu, na humjui, sema humjui, hata kama chungu kiko mekoni na mji mzima unangoja. Na kuna jambo la pili. Ikitokea jioni moja mtu wa makamo akabisha hodi kwenu, sauti yangu, mikono yangu, akasema ni yule Mwalimu wa Kasongo, msimkaribishe upesi. Angalieni kwanza ndara zake. Halafu mwulizeni mwezi mchanga unaelekeza pembe zake wapi, na mngoje ajibu. Akisema chini, nawaomba, semeni hamnijui.